Mpaka Uliopita kwa Baba

Mama yangu aliishi kijijini zaidi ya miaka ishirini na hakuwahi kupaita nyumbani hata siku moja. Alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma na paa la bati, alikuwa na kuku wakaidi na majirani kila upande, lakini ukikutana naye njiani jioni na kumuuliza anaelekea wapi, angekujibu, "Narudi pale." Nyumbani palikuwa kwingine. Palikuwa ndani ya msitu, mwendo wa kutwa kwa miguu, mahali alipotolewa wakati wa operesheni ya vijiji. Walikuja na lori, wakampakia yeye, wanawe na vyombo vyake, wakamshusha kando ya barabara iendayo Mpanda, wakamwambia ajenge.

Baba hakupanda lori. Alikuwa ameshafariki kabla ya operesheni, akazikwa nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa. "Baba yako ndiye mwanamume pekee aliyeishinda operesheni," mama alipenda kusema, na angecheka mpaka akohoe, kisha angeanza ghafla kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Mimi nilikuwa mdogo. Lile lori nalikumbuka kwa harufu ya dizeli na kwa joto la bati nililokalia.

Kwa hiyo nimekulia ndani ya hamu ya mtu mwingine. Hamu hiyo ilikuwa na maji yake: kisima cha kule, alisema mama, kilikuwa kitamu hata kwa mtu asiye na kiu. Ilikuwa na asali yake, ile nyeupe ya miombo inapochanua, si hii ya barabarani yenye ladha ya moshi. Hata mlenda wa kule ulivutika vizuri zaidi. Sisi watoto tulimcheka. Tulimwambia mlenda ni mlenda. "Nyie mnajua nini? Nyie mmekulia lami," angejibu, ingawa lami yenyewe hakuna aliyekuwa ameiona, barabara yetu ilikuwa vumbi jekundu kiangazi, na masika ilikuwa tope la kumeza magari.

Aliyemwelewa alikuwa mwanamke mmoja wa Katumba, makazi ya wakimbizi, aliyekuja gulioni kwetu na maharage. Huyo alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na mtoto mgongoni. Walikaa wawili juu ya gunia tupu, kila mmoja na Kiswahili chake cha kuazima, wakasimuliana makwao. Siku moja nilimsikia akimwambia mama, "Wewe kwenu hakuna mtu. Mimi kwetu wamo ndani. Wanapikiaga mafiga yangu."

Mama akafikiri. "Bora wewe," akasema. "Mafiga yako yana moto."

Sijui nani alimfariji mwenzake. Walimaliza kwa kulaumu bei ya sabuni, na mama akaja na maharage mengi kuliko aliyolipia.

Nikakua, nikasoma, nikaajiriwa Mpanda mjini kama bwana nyuki. Ndiyo, mimi ni mwanamke; lakini kazi yenyewe iliitwa hivyo na hakuna aliyejisumbua kutafuta jina jingine. Nilizunguka vijijini kwa baiskeli nikikagua mizinga na kufundisha watu namna ya kuchuja nta ili mnunuzi asiikatae. Kurina asali sikufundisha mtu. Huwezi kumfundisha Mkonongo, mtu wa kwetu, kurina asali, atakusikiliza kwa adabu mpaka umalize, kisha atakuuliza kama umeshakula.

Miaka hiyo ya tisini wapasua mbao walianza kuingia msituni kwetu. Walikuja na vibali vilivyotolewa mbali, na watu wasiojua hata mto wetu unaitwaje, wakaanza na mninga, ulipopungua wakageukia mkurungu. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, alikuwa mrina asali mwenye mizinga mingi kuliko nguo. Alienda siku moja kuitazama akaikuta chini, imepasuka, imeanguka pamoja na miti iliyoibeba, nyuki wamehama. Alirudi akakaa kwenye kiti cha mama, hakutania mtu. Hapo ndipo tulipojua kuna msiba, kwa sababu yule mzee na mama yangu walikuwa mashemeji wa kutaniana mpaka watu wanaona haya.

Ndipo habari ikafika ofisini kwetu kwamba kijiji kinaweza kupimiwa msitu wake, kikaulinda chenyewe, kikatunga sheria zake ndogo na kumzuia mwenye msumeno asiyetakiwa. Mahali pengine nchini walikuwa wameanza. Patakapobaki nje ya mpaka patakuwa chini ya serikali kama zamani, pamoja na vibali na misumeno yake. Mimi nikapewa kazi ya kukaa na kijiji chetu mpaka jambo liishe, kwa kuwa nilikijua.

Nilikwenda kumweleza mama. Alisikiliza akiwa anachambua mchicha, kisha akauliza swali moja tu.

"Wakitupa msitu, tunarudi?"

"Tutaona, mama."

Tutaona ni neno nililojifunzia ofisini, na mama alilijua. Lakini nilimwona siku ile ile akilitoa jembe la akiba darini na kulitafutia mpini mpya. Baba mdogo alipolikuta mlangoni alipata la kusema. "Shemeji, ukirudi kule itabidi nikuoe mimi. Nani mwingine atakubali kuwa jirani na fisi?"

"Bora fisi," mama akajibu. "Fisi anaogaga mvua ikinyesha."

Mpaka wa msitu hutembewa. Watu hutangulia wakifyeka ukanda mwembamba, ndio unaoitwa mkuza, mwenye rangi anafuata akipiga alama kwenye miti, na mpimaji anakuja nyuma na vyombo vyake. Tulianza kiangazi kilichofuata zile mvua kubwa za Elinino. Baba mdogo aliongoza. Walitoka upande wa barabara wakazunguka, msitu wetu ukiwa mkono wao wa kushoto, na kule mwisho kabisa, ambako mpaka ungekunja kuelekea mtoni, ndipo yalipokuwa mahame yetu, nyumba ya zamani ya mama. Mimi nilitembea nao mpaka rangi ikakaribia kuisha, nikarudi Mpanda kufuata nyingine. Walipofika kwa baba sikuwepo.

Waliporejea kijijini mama aliwapikia ugali na samaki, migebuka ya Karema. Nilikuwa nimeshafika na makopo yangu ya rangi, yakawa hayahitajiki. Baba mdogo alikula kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi, akasimulia nyati, akasimulia ndorobo wanavyouma, akasimulia mpimaji alivyokanyaga mchwa. Mama akamuuliza, "Na kwa kaka yako mlipitaje?"

"Kwa heshima zote, shemeji. Mapanga tuliyarudisha kwenye ala, hatukukata hata kijiti. Tukamzunguka, kaburi mkono wa kulia, kama inavyotakiwa."

Kwetu kaburi la mkubwa halipitwi ovyo. Ukilikuta porini unalizunguka, nalo libaki mkono wako wa kulia, ule wa kulia chakula na kusalimia. Kuliacha kushoto ni kumtukana aliyelala. Hakuna aliyetufundisha hilo kwa maneno. Mtoto anashikwa bega na kugeuzwa, basi, ameshajua.

Mama akaacha kutafuna. Akatazama mkono wake mmoja, akatazama na mwingine.

"Msitu wetu ulikuwa mkono gani?"

"Kushoto."

"Na kaka yako?"

Baba mdogo alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha sahanini. Wanaume wote waliotembea naye walitazamana, na mmoja akaanza kuchora ardhini kwa kidole, kisha akafuta. Watu wazima, wajuzi wa pori, walimzunguka baba yangu kwa adabu kubwa na kumwacha nje, pamoja na kisima chake, ua wake wa minyaa na nyumba ya mama. Kila mmoja alikuwa amefanya alichofunzwa na mama yake.

"Mmemheshimu mpaka mmemfukuza," mama akasema. Hakupaza sauti. Mimi nilitamani apaze.

Mpimaji alikuwa mgeni kutoka mbali, kijana mwema aliyechoka, na mawazo yake yote yalikuwa kwenye treni ya kesho yake. Nilipomweleza, aliona ni jambo dogo. Rangi si inasogezwa tu, alisema. Mpite upande wa pili wa kaburi, yaishe.

"Apite nani?" baba mdogo akamuuliza.

"Nyie."

"Wewe ungempita baba yako kwa mkono wa kushoto, na panga mkononi?"

Mpimaji akaangalia vyombo vyake. Nadhani alimfikiria baba yake. Wazee nao walikuwa wameinamisha vichwa, na mimi nilikuwa natafuta maneno ya kuwaomba wafanye kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekifanya. Mama akatoka jikoni na sufuria ya maji ya kunawa.

"Kwani mkuza unatembewaga upande mmoja?" akasema. "Anzeni mtoni, mje hivi. Msitu utakuwa kulia. Na yeye atakuwa kulia. Wataingia wote."

Baba mdogo akacheka mpaka akashika tumbo. "Shemeji, mbona hukuja na sisi toka mwanzo?"

"Mliniita? Si mlisema wanawake wabaki wapike?"

Mpimaji aliikosa treni yake. Safari hii mama alikuja, na hakuna aliyethubutu kumtajia jiko.

Ndivyo nilivyopaona nyumbani kwetu nikiwa mtu mzima. Kuta zilikuwa zimeshuka na kuwa tuta la udongo, na ndani ya chumba ulikuwa umeota mti mnene kama paja langu. Minyaa ilikuwa hai bado, imeachiwa ikawa mirefu kupita kiasi. Mama hakupita juu ya tuta kama sisi. Alizunguka mpaka pale palipokuwa mlango, akainama kidogo, kwa sababu mlango ule ulikuwa mfupi, akaingia. Wanaume walijifanya wanapiga rangi. Alikaa ndani humo akigusa hewa mahali palipokuwa na vitu, hapa chungu, hapa kitanda, na mimi niliyekuwa nimemcheka utotoni nikasimama nje nikiona wivu. Nilitaka na mimi nijue chungu kilikuwa wapi.

Alinipeleka kisimani. Nilikunywa kwa kiganja. Yalikuwa maji ya kisima kilichoachwa, yenye ladha ya majani yaliyooza.

"Eeh?" mama akauliza.

"Matamu," nikasema, na sikuwa namdanganya ili kumfurahisha. Nilitaka yawe matamu kwa nguvu zangu zote.

Mpaka ulipokaa sawa, zikabaki sheria ndogo. Kijiji hakipewi msitu kikasema basi, lazima kiseme kitautunzaje. Wajumbe wa kijiji walikubaliana mapema: hakuna kukata bila idhini, hakuna kulima, hakuna kujenga, hakuna kulala isipokuwa kwenye kambi za nyuki kwa wenye mizinga. Niliyasikia hayo nikiwa na moyo mzito, nikaandaa maneno yangu. Siku ya mkutano wa kijiji nilisimama nikapendekeza yaongezwe: isipokuwa mwenye mahame yake.

Niliyasema nikimtazama mama. Alikuwa amekaa chini mbele, miguu ameinyoosha, kitenge kimefunika magoti.

Mzee mmoja akainuka akasema hata yeye ana mahame. Babu yake alikuwa kule kilimani. Mwingine akasema ya kwake ni karibu na mto, pazuri sana kwa tumbaku. Mwingine hakuwa na mahame lakini mke wake alikuwa nayo. Watu wakaanza kucheka, lakini mikono haikushuka. Hata mtu aliyehamia kwetu juzi na ng'ombe wake, ambaye bado alikuwa anauliza njia ya kisimani, akakumbuka kwamba ana mjomba aliyewahi kuishi huko. Kwa mahame yote yaliyotajwa mchana ule, msitu ungekuwa umekwisha kabla ya msumeno kufika.

Kicheko kikaisha chenyewe. Watu wakawa wanamtazama mama, kwa kuwa kila mmoja alijua maneno yale niliyaleta kwa ajili ya nani. Nilikuwa nalijua jembe lake lile lenye mpini mpya. Nilikuwa nimeona pia amekwisha kuweka mbegu za maboga kwenye kibuyu, za kwenda nazo.

Mama akasimama. Haikuwa kawaida yake kusema mkutanoni.

"Huyu mtoto wangu anataka kunifungulia mlango," akasema. "Nimegeuka, nimeona waliopanga foleni nyuma yangu. Lifute."

"Mama—"

"Lifute neno hilo. Hakuna mtu kurudi."

Mwenyekiti alipoomba mikono ya wanaokubali sheria zote kama zilivyokuwa, wa kwake ulitangulia. Mimi ndiye niliyetakiwa kuhesabu. Sikuona vizuri, ikabidi mwenyekiti ahesabu mwenyewe.

Tulipata msitu wetu. Wapasua mbao walikuja wakakutana na baba mdogo, sasa mwenyekiti wa kamati ya msitu, na vijana wake wa doria, wakarudi walikotoka. Ofisini nilipongezwa. Mama alirudi kwenye mchicha wake. Alikuwa mtu wa maneno, sasa yakapungua, na ule mlenda wa kule ukawa hautajwi tena. Mimi ndiye niliyeanza kuutaja. Nilikuwa namchokoza kwa makusudi, nikisema mlenda wa pale sokoni hauvutiki, nikisubiri anijibu.

Mwaka uliofuata aliomba aende kusafisha kaburi. Sheria ziliruhusu. Tuliondoka alfajiri yeye, mimi na baba mdogo, tukafika jua limeshapinda. Tuling'oa nyasi kwa mkono, bila panga. Mama alimimina togwa kidogo, akaongea na baba kwa Kikonongo mambo ambayo sikutakiwa kuyasikia, na baba mdogo akamtania marehemu kuhusu deni la mzinga mmoja wa tangu ujana wao. Tulikula viazi. Palikuwa na upepo mzuri, na nyuki walikuwa wanafanya kazi juu kabisa mitini.

Kisha mama akaingia ndani ya nyumba yake isiyo na kuta, akatandika mkeka pembeni mwa ule mti ulioota chumbani, akajinyoosha.

Kambi ya nyuki ilikuwa mwendo wa saa nzima. Baba mdogo akatazama jua. Akanitazama mimi, na macho yake yaliniomba niseme mimi. Mimi nikatazama minyaa.

"Shemeji," akasema mwishowe. Utani haukuwemo. "Jua linaenda."

"Naliona."

"Tukalale kambini."

Mama hakufumbua macho. "Ungemkuta mtu mwingine amelala hapa, ungemwambia hivyo hivyo? Kwa upole hivyo?"

"Hapana."

"Ungemwambiaje?"

"Kwa ukali."

"Basi niambie kwa ukali."

Yule mzee alisimama pale akiwa amekamata kofia yake kwa mikono miwili. Akakohoa. Kisha akapiga kelele, kelele ya kweli, ndege wakaruka: "Wewe mama! Toka humo! Huku hairuhusiwi kulala!" Na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye ndevu.

Mama akaamka. Akakung'uta kitenge chake.

"Hivyo," akasema. "Na usimwachie mtu yeyote."

Akakunja mkeka, akainama pale penye mlango, akatoka, akashika njia ya kambini bila kutusubiri. Baba mdogo akamfuata akijifuta kwa kofia. Mimi nilibaki nyuma kidogo, nikifunga mzigo ambao ulikuwa umeshafungwa. Jioni ilikuwa inaingia, na harufu ya nyasi tulizong'oa ilikuwa imejaa chumba chote. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kulala pale. Nikakaa juu ya tuta la ukuta.

Baba mdogo akageuka njiani.

"Na wewe," akasema.

Nikatoka.